Godauni letu haliuziki, tushushe bei?

SWALI: Kampuni yetu ya familia ina godauni Chang'ombe, Dar es Salaam. Ghala ni mita za mraba 1,100, mbele yake kuna ofisi za ghorofa moja, kiwanja mita za mraba 2,400. Mwaka mzima madalali wanaleta watu. Wanaangalia, wanasifia, hawarudi. Baba, aliyekuwa mkurugenzi, alifariki. Tushushe bei?
Msomaji, Temeke

JIBU: Poleni kwa msiba. Bei iacheni kwanza. Mnunuzi wa kweli akitoka kwenu humtuma wakili afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, na huko ndiko wengi wanakokatia tamaa.

Hati ikiwa kwa jina la kampuni, kiwanja ni cha kampuni; warithi wanarithi hisa za baba tu. Fungueni mirathi mahakamani, msimamizi athibitishwe, hisa zihamishwe, na orodha ya wakurugenzi irekebishwe BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni. Bodi ndipo ikae na kuandika azimio la kuuza. Watakaosaini uhamisho wawe wale wale wanaosomeka BRELA, la sivyo faili litarudishwa.

Kisha itoeni hati kabatini mwisome kwa jicho la mnunuzi. Miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Ikiwa imebaki miaka sita, benki haitamkopesha mtu kwa dhamana hiyo, kwa hiyo ombeni muda mpya kabla ya kutangaza. Angalieni matumizi yaliyoandikwa: hati ya makazi yenye ghala juu yake itahitaji kubadilishiwa matumizi kwanza. Angalieni pia rehani. Mkopo uliolipwa miaka kumi iliyopita bado unasomeka kwenye daftari la Msajili kama hamkusajili hati ya benki ya kuifuta. Lipeni madeni ya pango la ardhi. Mwisho mwiteni mpima afufue bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, maana ukuta uliosogea mita moja na nusu kuingia hifadhi ya barabara unaweza kupigwa X nyekundu ya kubomolewa wakati wowote, na mnunuzi anaijua sana X hiyo.

Makaratasi yakikaa sawa, simameni getini. Lori lenye kontena la futi 40, pamoja na kichwa chake, linafika mita 16 au zaidi. Geti la mita nne kwenye kichochoro litamfanya dereva aende mbele na nyuma mara tano, foleni ikijaa nyuma yake. Itazameni nguzo ya geti: rangi ikiwa imekwanguka na kona imemeguka, mgeni wenu ameshaiona. Kupanua geti hadi mita saba na kuhamisha kibanda cha mlinzi ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kushusha bei.

Pimeni pia urefu kutoka sakafuni hadi chini ya kenchi, muuandike kwenye tangazo. Ghala la mita 4.5 linapanga paleti, yaani vichanja vya kubebea mizigo, ngazi mbili. La mita tisa linafika tano. Kuficha kipimo hiki ndiko kunakoleta watu wa kusifia na kuondoka. Andikeni na uwezo wa umeme wa njia tatu kwa kVA (kipimo cha ukubwa wa umeme), na aina ya bati. Kama paa ni la asbesto, semeni wazi, na msiruhusu fundi alikate kwa msumeno. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

SWALI: Kodi za mauzo analipa nani, na VAT inaingia?
Msomaji, Ilala

JIBU: Muuzaji mkazi wa Tanzania hulipa 10% ya faida, yaani bei ya kuuza ukiondoa gharama za kununua, kujenga na kuboresha. Risiti za ukarabati zina thamani hapo. Kwa kampuni hayo ni malipo ya awali tu: faida huingia kwenye hesabu za mwaka zinazotozwa 30%, na kilicholipwa kinatolewa. Ushuru wa stempu, 1%, kwa kawaida ni wa mnunuzi.

Ugomvi mkubwa hutokea kwenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Nyumba ya kuishi iliyokwisha tumika na kiwanja kitupu vimesamehewa, jengo la biashara halikusamehewa. Muuzaji aliyesajiliwa kwa VAT akiuza kwa Sh1.2 bilioni, 18% ni Sh216 milioni. Mkataba useme kama zimo ndani ya bei au juu yake. Kuandika bei ya chini kwenye mkataba hakusaidii, kwani uhamisho unakwenda na ripoti ya mthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, pamoja na Fomu za Ardhi Na. 29, 30 na 35.

SWALI: Nina mpangaji ndani. Nimtoe kabla ya kuuza?
Msomaji, Vingunguti

JIBU: Inategemea unamuuzia nani. Mwekezaji anamtaka abaki: kodi ya mpangaji ya Sh96 milioni kwa mwaka baada ya gharama, akitaka faida ya 12% kwa mwaka, inampa bei ya Sh800 milioni. Mwenye kiwanda anataka funguo. Soma kifungu cha notisi kabla ya kuahidi tarehe. Na bei itangaze kwa shilingi. Kanuni za 2025 zimekataza kutangaza bei za ndani kwa dola.