Vioo vya madirisha ya mbao Mji wa Kale: pima uzito kabla hujanunua

Ndugu uliyeuliza kuhusu nyumba ya marehemu babako hapo Kibokoni: umesema vioo vitano vimepasuka, fundi mmoja anataka kutia vya milimita 6 "umalize maneno", mwingine anataka kung'oa mbao zote akuwekee alumini. Huyo wa alumini muage kwa heshima. Mji wa Kale wa Mombasa ni eneo la hifadhi tangu 1990, na ukitaka kugeuza sura ya dirisha yapasa uanzie ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Huyo wa milimita 6 ndiye wa kuangaliwa, maana mimi nilimsikiliza mwenzake.

Madirisha ya nyanyangu yako gorofani, yanatazama njia. Kila ubawa una kioo cha karibu sentimita 45 kwa 120, na vya zamani vilikuwa vya milimita 3. Nikajiambia kinene ndicho imara, tukatia 6. Hesabu yenyewe si ngumu: mita moja ya mraba ya kioo ina kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene. Basi ubawa uliozoea kubeba kilo 4 nikaubebesha 8. Kusi ilipoanza kuvuma, madirisha yakiwa wazi, skrubu za bawaba za juu zikaanza kutoka zenyewe. Kufikia Juni ubawa mmoja ulikuwa unaburura chini, na nyanya, mtu wa miaka themanini, anaufunga kwa kuuinua na goti. Tena ile ngazi iliyochongwa kwenye mbao kioo kikakae ilikuwa nyembamba. Kioo kiliijaza, puti, ule udongo wa kushikilia kioo, ikabaki utepe tu, ikadondoka vipande vipande barazani.

Kwa hivyo chukua kipande cha kile kilichopasuka, nenda nacho dukani, kipimwe unene. Kama ni 3, nunua 3, au 4 kwa zile kubwa iwapo bawaba ni nzima na ngazi ina kina. Usipeleke kipimo kimoja. Fremu za zamani hazina pembe nyoofu: pima urefu mara tatu, upana mara tatu, shika kipimo kidogo kabisa, kisha utoe milimita 3. Kioo kinachoingia kwa kusukumwa kitapasuka mbao zikivimba wakati wa masika.

Kuna mahali pamoja ambapo ningelipia zaidi: dirisha lililo chini sana, au lile la kando ya ngazi za kupandia gorofani ambapo watoto hupita mbio. Pale weka laminetedi, yaani vioo viwili vilivyogandishwa kwa plastiki katikati, kikivunjika vipande hubaki vimeshikana. Lakini hicho usikizungushie puti ya mafuta ya linsidi, mafuta huila ile plastiki na kingo zinageuka nyeupe kama maziwa. Tumia silikoni isiyo na asidi. Tempadi nayo, yaani kioo kilichokazwa kwa moto, haikatwi tena ikishatoka kiwandani, ukikosea kipimo umejinunulia meza.

Kwa vioo vya kawaida puti ni sawa, ila kwanza kwangua ya zamani mpaka mbao ionekane, upake praima, yaani rangi ya kwanza ya kuziba mbao, ndipo uweke. Mbao kavu hunyonya mafuta ya puti, na baada ya miezi michache inabaki chaki. Misumari midogo ya kushikilia iwe ya shaba. Ya chuma, kwa chumvi hii ya bahari, itashika kutu, na kutu huvimba: nimeona kioo kizima kikipasuka kuanzia msumari mmoja.

Vile vilivyo vizima, ukivitazama na ukaona ukuta wa jirani unacheza kama maji, viache. Watu husema kioo kimeyeyuka kwa uzee. Si kweli, ndivyo kilivyotengenezwa, kabla ya njia ya kukimwaga juu ya bati lililoyeyuka, ambayo Pilkington wa Uingereza waliitangaza 1959. Hiki cha siku hizi kimenyooka tuli, na ukikichanganya na cha zamani kwenye dirisha moja jicho hukamata mara moja.

Sasa vile vya rangi vya juu ya dirisha. Hapo ndipo nilipoliwa pesa. Nyekundu mbili zilivunjika, duka likaniuzia nyingine kwa bei nzuri, na baada ya mwaka rangi ikaanza kubanduka pembeni kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Ilikuwa karatasi ya plastiki iliyobandikwa. Kabla hujalipa, kitazame kioo kwa ubavu: rangi ikiwa imeingia ndani, ukingo wote ni mwekundu, ikiwa imebandikwa au kupakwa, utaona ukingo wa kijani kibichi na mstari mwembamba upande mmoja. Kwangua pembeni kwa ncha ya wembe, mwuzaji akinuna umejua.

Mimi nyekundu ya kweli sikuipata. Nikatoa mbili za chumba cha nyuma, nikazihamishia ukumbini, huko nyuma nikatia vioo vyeupe, nikidhani hapana atakayeona. Siku hiyo hiyo alasiri nyanya alipanda kuswali, akasimama mlangoni akitazama sakafu ya chumba kile. "Wekundu wangu umeupeleka wapi?"