Sanaa na usanifu darasani: maswali ya walimu na wazazi wa Moshi na Arusha

Maswali ya safari hii yametoka kwa walimu na wazazi wa pande zote mbili, Moshi na Arusha, na karibu yote yanahusu upande wa uchoraji na usanifu katika somo la Sanaa na Michezo, ambalo limo katika mtaala wa shule za msingi wa mwaka 2023.

Shikamoo, Mwalimu. Ninafundisha darasa la tatu katika shule ya serikali pembezoni mwa Moshi. Nina wanafunzi 84, sina rangi wala karatasi za kuchorea. Nianzie wapi? (Mwalimu, Moshi)

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Anzia kwenye udongo, kwa sababu ule mwekundu wanaoukanyaga wanafunzi wako kila asubuhi ni rangi tayari. Wekundu wake unatokana na chuma kilichomo ndani yake, na rangi ya jamii hiyohiyo ndiyo iliyotumika katika michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ukaushe, uutwange, uuchekeche kwa kitambaa chepesi, kisha uuchanganye na gundi ya uji. Gundi hiyo hupatikana kwa kukoroga kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ngano katika maji baridi kidogo hadi mabonge yaishe, kuongeza kikombe kimoja cha maji, na kuupika mchanganyiko huo kwa moto mdogo bila kuacha kukoroga mpaka uwe mzito. Pika ya kutosha siku hiyo tu, kwa kuwa huchacha haraka. Mkaa uliosagwa utakupa rangi nyeusi, na bizari ya manjano itakupa njano nzuri sana, ingawa hufifia ikipigwa na jua, hivyo kazi iliyopakwa bizari usiitundike dirishani.

Brashi zitengenezwe kwa vijiti vibichi vya mswaki vilivyopondwa ncha kwa jiwe (wasitafune, kwa sababu vitapita mikononi mwa watoto wengi), na badala ya karatasi omba maboksi matupu madukani, uyafungue na kutumia upande wa ndani. Watoto 84 hugawanyika vizuri katika makundi 14 ya watoto sita sita, na kila kundi litatosheka na mfuniko mmoja wa ndoo wenye rangi tatu. Makundi saba yapake rangi ndani huku saba yakichora kwa mkaa barazani, kisha yabadilishane kipindi kinachofuata.

Ninakuomba jambo moja zaidi, nami nalisema kwa uzito. Usichore kikombe ubaoni na kuwaambia watoto 84 wakinakili. Ukifanya hivyo utapata vikombe 84 vinavyofanana, na hakuna mtoto hata mmoja atakayekuwa amekitazama kikombe. Weka kikombe chenyewe mezani, chenye mpini uliovunjika kama ndicho ulicho nacho, na umwache kila mtoto akione kutoka mahali alipoketi.

Mwanangu ana miaka sita. Akichora nyumba yetu, vitanda na sufuria vya ndani huonekana kana kwamba ukuta ni kioo, na bibi yake humchora mkubwa kuliko mlango. Je, nimsahihishe? (Mama, Sakina, Arusha)

Usimsahihishe, mama. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa aliyezaliwa Austria na kufundisha Marekani, alieleza katikati ya karne iliyopita kwamba uchoraji wa watoto hupita katika hatua zinazofuatana, na kwamba mtoto wa umri wa mwanao huchora anachokijua na kinachomgusa kabla ya kuchora anachokiona. Anajua kuwa vitanda vimo ndani, basi anavionyesha. Bibi ni mtu mkubwa katika maisha yake, basi anakuwa mkubwa katika picha. Usimwulize "Hiki ni nini?", maana swali hilo humfanya aone kwamba kazi yake haikueleweka. Mwulize "Bibi anafanya nini hapa?", kisha uandike jibu lake na tarehe nyuma ya karatasi. Mtakapozitazama karatasi hizo pamoja baada ya miaka miwili, mtaona jinsi alivyokua.

Sioni tofauti kati ya kuchora na kusanifu. Nitawaelezaje watoto wa darasa la tano? (Mwalimu, Njiro, Arusha)

Wachukulie khanga, Mwalimu, kwa sababu hakuna mtoto ambaye hajawahi kuiona nyumbani. Mchoraji anaweza kuchora ili aridhike mwenyewe, lakini anayesanifu khanga anamfikiria atakayeivaa, namna itakavyokunjwa na kufungwa, na maneno yatakayosomwa na majirani. Khanga ina sehemu tatu zenye majina yake: pindo linalozunguka kingo zote, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno. Waambie kila mmoja amsanifie mtu mmoja anayemfahamu: shangazi anayeolewa, bibi aliyetoka hospitali, au dada aliyejifungua. Waanze kwa kutafuta jina linalomfaa mtu huyo, wakaulize methali kwa wakubwa nyumbani, na mji uchorwe baada ya jina kupatikana.

Pindo ndilo darasa lenyewe. Kata kwa upande kikonyo kinene cha jani la mgomba, nawe utakuta vitundu vilivyojipanga ambavyo, vikichovywa katika rangi na kugandamizwa, huacha chapa nzuri bila kuchongwa. Chukua boksi la sentimita 40 kwa 28. Chapa yenye upana wa sentimita 4 itaingia mara 10 upande mrefu na mara 7 upande mfupi, na pindo zima litakamilika kwa chapa 30, kwa kuwa zile za pembe nne hazihesabiwi mara mbili. Mpe mtoto chapa ya sentimita 3 na umwache agundue mwenyewe kwamba haitoshei. Atalazimika kupunguza boksi, kuacha nafasi kati ya chapa, au kutafuta chapa nyingine. Hapo ndipo anaposanifu. Kazi ikiisha, wabadilishane, na kila mmoja aseme khanga aliyopewa inamfaa nani. Asipoweza kusema, mwenye kazi arudi kuitazama upya.

Nawe uliye Arusha una bahati nyingine. Ukipata mzazi wa Kimaasai anayetunga shanga, mwalike awaeleze watoto jinsi anavyopanga rangi kabla ya kuishika sindano, na umwombe atunge mbele yao bila haraka.

Mwalimu wetu huwapa darasa la sita picha za Tingatinga wazinakili. Ni vibaya? (Mzazi, Majengo, Moshi)

Kunakili si kosa. Edward Said Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia mabamba ya hadibodi na rangi za baiskeli kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana, na hata alipofariki mwaka 1972 walikuwapo waliokwisha kujifunza mtindo huo kwa kukaa kando yake wakifanya kazi. Ubaya ni kuishia hapo. Watoto wakishaelewa namna ya kujaza umbo kwa madoa na mistari juu ya rangi moja ya nyuma, wachore kinyonga wa kwenye ua wa shule au mbuzi wa jirani, kwa sababu wengi wao hawajamwona twiga isipokuwa pichani. Rangi za mafuta zisitumike ndani ya darasa. Harufu yake hudhuru, na haitoki mikononi kwa maji.

Mwalimu mkuu anataka alama za kazi za sanaa. Nitazitoaje bila kumwonea asiye na kipaji? (Mwalimu, Usa River)

Mwambie kila mtoto akupe jaribio la kwanza na la mwisho yakiwa yamebanwa pamoja, kisha upime alichokibadilisha na sababu anayoitoa. Alama iandikwe nyuma. Sijapata kuona alama ya kosa ya kalamu nyekundu juu ya mchoro ikimsaidia mtoto yeyote.

Binti yangu ana miaka 11. Alipenda sana kuchora, na sasa anasema hawezi. (Baba, Shanty Town, Moshi)

Umri huo ndio wenye hatari, baba, na wengi wetu tuliacha kuchora hapohapo. Macho yake yameanza kudai mchoro ufanane na kitu chenyewe, na mkono bado haujafundishwa. Kumsifu hakutamtuliza, maana anaona mwenyewe kwamba haufanani. Anahitaji kufundishwa kutazama. Mwambie achore Mlima Kilimanjaro kwa kukumbuka tu, na huenda akachora pembetatu mbili zenye jua katikati, kama wachoravyo watoto wasiopata kuuona mlima maishani mwao. Usiseme neno. Asubuhi inayofuata, kabla mawingu hayajapanda, tokeni nje pamoja na ubao mdogo, karatasi na penseli. Mwulize Kibo iko upande gani na Mawenzi upande gani, ni ipi yenye kilele kilicho bapa na ipi iliyochongoka, na bonde lililo kati yake limeshuka kiasi gani. Aipime miinuko hiyo kwa penseli akiwa amenyoosha mkono, kisha achore. Nawe chukua karatasi yako, uketi kando yake, uchore pia.