Kifuko cha nyongo kikitolewa, uliza kinapelekwa wapi

Mama mdogo alipofanyiwa upasuaji wa matundu madogo kutolewa kifuko cha nyongo, tulirudi nyumbani na vijiwe vyake saba kwenye kichupa. Kila aliyekuja kumpa pole alikitikisa ajionee. Kifuko chenyewe hakuna aliyekiulizia. Hospitali haikukipeleka maabara, nasi hatukujua kwamba kinapaswa kupimwa kama kina saratani.

Baada ya miezi saba macho yakawa ya njano, mkojo kama chai ya rangi, choo kikapauka. Usiku alijikuna hadi mashuka yakawa na madoa ya damu. Chini ya kitovu, penye kovu, nilikuwa nikigusa kitu kigumu kama punje ya harage kila nilipomwogesha. Nilidhani ni kovu tu.

Daktari wa hospitali ya pili alituchorea nyuma ya bahasha. Kifuko kimejibanza chini ya ini, ukuta wake ni mwembamba, na upande ule ulioshikana na ini hauna hata ule utando wa nje. Saratani ikishapenya hapo, imeingia kwenye ini. Hufuata pia tezi za limfu kandokando ya mrija wa nyongo, kisha za nyuma ya kongosho. Mrija ukibanwa, nyongo inarudi kwenye damu, ndiyo ile njano. Na kifuko kikichanika wakati wa upasuaji, nyongo ikimwagika, chembe za saratani huota kwenye utando wa tumbo, hata kwenye tundu la kovu. Ile punje ya harage ndiyo hiyo.

Wenye vijiwe wengi hawapati saratani kamwe, kwa hiyo usiingiwe na hofu. Ila kabla ya upasuaji uliza: kifuko kitakwenda patholojia, yaani maabara ya kuchunguza nyama iliyotolewa mwilini? Majibu nifuate lini? Saratani ikikutwa kwenye tabaka la ndani kabisa, kukitoa kifuko huwa kunatosha. Ikiwa imefika kwenye msuli, mgonjwa anaweza kuhitaji upasuaji wa pili, akatwe kipande cha ini na kutolewa tezi, na hapo ndipo wiki zina thamani. Altrasaundi ikisema ukuta umenenepa au kuna kinyama ndani, mwonyeshe daktari mpasuaji karatasi hiyo mapema.

Mwaka jana kaka yangu alitolewa cha kwake. Nilisimama dirishani mpaka nikapewa risiti ya patholojia. Wiki mbili baadaye majibu yakatoka: vijiwe, hakuna saratani. Karatasi nimeiweka kabatini, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.