Barua kwa mwanangu: nyumba ya Kinyerezi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Umeniuliza, kwa kuwa kazi imewahamishia Dodoma na nyumba mnayoijenga huko imefika kwenye lenta, ile ya Kinyerezi, Dar es Salaam, muipangishe au muiuze. Unasema yupo mtu aliyefika milioni 95, na dalali naye ameahidi mpangaji wa laki 4 na nusu kwa mwezi. Mimi naona muiuze. Nitakueleza kwa nini, maana najua shangazi yako atakwambia kwamba nyumba haiuzwi.

Dalali hukupigia hesabu ya miezi 12 kana kwamba mpangaji akihama asubuhi mwingine huingia jioni. Wewe hesabu miezi 11, ambayo ni milioni 4 na laki 9 na nusu. Toa kodi ya zuio ya asilimia 10, ile inayokatwa kwenye pango na kupelekwa serikalini, kisha weka kando kama laki 6 za bomba, rangi na kunyonya choo. Utabaki na milioni 3 na laki 8 na ushee, yaani takriban shilingi 4 katika kila 100 za bei uliyopewa. Sasa litazame lile deni la benki: milioni 40 kwa riba ya asilimia 16, kama ulivyoniandikia. Riba ya mwaka mmoja peke yake inakaribia milioni 6 na laki 4. Utakuwa na nyumba inayokuletea nne huku deni likikudai kumi na sita, na pengo hilo litazibwa na mshahara wako.

Tena hesabu hiyo inamchukulia mpangaji kuwa mwema. Mwaka 1987 nilipohamishiwa kufundisha Songea, niliiacha nyumba yetu ya Tanga kwa mpangaji niliyemwamini, mtu mpole aliyelipa miezi 6 ya kwanza bila kukumbushwa. Niliporudi likizo nilikuta sebule amempangisha mtu mwingine bila kuniuliza, na dari ya ukumbi imekuwa nyeusi kama sufuria kwa sababu walikuwa wakipikia mkaa humo ndani. Mama yako aliipitisha kidole, akanionyesha masizi, hakusema neno. Enzi hizo Sheria ya Kudhibiti Pango ya mwaka 1984 ilikuwa inafanya kazi, na kumtoa mpangaji kulinichukua zaidi ya miaka miwili ya kwenda na kurudi barazani. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo wewe una nafuu kuliko mimi. Lakini nani atakwenda Kinyerezi usiku bomba likipasuka? Ni kweli treni sasa inawafikisha Dar es Salaam kwa saa chache, ila hamtaipanda kila choo kinapojaa. Hata ile kodi ya majengo ya shilingi 1,500 kwa mwezi, ambayo hukatwa mpangaji anaponunua umeme wa LUKU ilhali mdaiwa ni mwenye nyumba, nimeona ikiwagombanisha watu wazima.

Shangazi yako ana hoja moja nzito: viwanja vya Kinyerezi vinapanda bei, na mkiuza leo huenda msiweze kununua tena huko. Sibishi. Kama msingekuwa na deni, ningewashauri mpangishe mwaka mmoja kwanza muone. Lakini hata nyumba ya Dodoma imesimama juu ya kiwanja, nacho kinaweza kupanda bei vilevile.

Mkikubaliana kuuza, usipokee hata shilingi ya arubuni kabla mwenzio hajatia saini ridhaa yake mbele ya wakili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja wenu kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine, hata kama hati ina jina lako peke yako. Ulizia pia benki kama wanatoza chochote kwa kulimaliza deni kabla ya muda.

Iko pia kodi ya ongezeko la mtaji. Kwa kuwa mmekaa humo miaka 8, faida isiyozidi milioni 15 ingesamehewa, lakini nyinyi naona mtavuka hapo, na kiwango ni asilimia 10 ya faida. Faida hiyo hupatikana kwa kutoa gharama mnazoweza kuzithibitisha, kwa hiyo kila karatasi ina thamani. Stakabadhi za nondo, saruji na bati za wakati nilipokuwa nikiwasimamia mafundi bado ninazo, zimo katika faili la kijani chini ya kitanda changu. Chache zimefifia wino, lakini tarehe na kiasi vinasomeka. Nitazitoa nakala wiki hii, na zile halisi nitakuletea mwenyewe Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, usizisubiri kwa basi.

Msalimie mwenzio na watoto.

Ni mimi baba yako,
Tanga