Umio wenye kovu na swali la stenti

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miaka 20 alikunywa kostiki soda ya kutengenezea sabuni, akidhani ni maji, na tangu hapo umio wake hupitisha uji na mtori tu. Ametanuliwa umio hospitalini mara nyingi, lakini kila baada ya muda hali hurudi ile ile. Jirani yetu mwenye saratani ya umio aliwekewa stenti mara moja tu, akaanza kula wali. Kwa nini mwanangu naye asiwekewe?
Mama K., Moshi

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Stenti ni bomba la wavu linaloingizwa kwa msaada wa endoskopi (mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni) likiwa limebanwa, kisha hujitanua lenyewe na kuusukuma umio ufunguke. Kwa jirani yenu halitarajiwi kutolewa. Kwa kijana mwenye kovu lisilo la saratani ni lazima litolewe, kwa kawaida baada ya wiki 6 hadi 12. Ndiyo maana stenti ya wavu mtupu haimfai, kwa kuwa nyama ya umio huota ndani ya matundu yake na kuing'ang'ania. Ile iliyofunikwa kwa utando hutoka kwa urahisi zaidi, ila utando huo huo huifanya iteleze na kushukia tumboni. Inaweza pia kuleta maumivu ya kifua, kutoa damu au kutoboa umio, na hata ikikaa vizuri, wagonjwa wengi hubanwa tena baada ya kuitoa. Zipo pia stenti zinazoyeyuka zenyewe, lakini nazo hazizuii kovu kurudi.

Mimi ningeanza na swali jingine: je, kutanuliwa huko kulifuatana, au kulifanyika kila nauli ilipopatikana? Kovu huhesabiwa kuwa sugu pale umio unaposhindwa kufikia upana wa milimita 14 baada ya kutanuliwa mara 5 hivi, kwa kupishana wiki mbili mbili. Kama hakufuata ratiba ya namna hiyo, iombeni kwanza huko hospitali ya KCMC, mkiuliza pia kuhusu sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ndani ya kovu na dawa za kupunguza asidi. Stenti ije baadaye, ikibidi.

Akipata homa au maumivu makali ya kifua baada ya kutanuliwa, msisubiri siku ya kliniki: huenda umio umetoboka, naye anapaswa kuonwa hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.