Maswali ya Wasomaji: Chipu ya Joto na Kerneli ya Linux

SWALI: Bwana Mhariri, assalamu alaikum. Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi hapa Shella, Malindi. Nataka kufunga katika chumba cha kugandishia samaki kompyuta ndogo inayotumia Linux pamoja na chipu ya kupima joto niliyoinunua kwa bei nafuu. Linux haikuitambua, hivyo nimeiandikia kiendeshi mwenyewe, yaani programu inayoiwezesha Linux kuwasiliana na chipu. Nimekijaribu karakana na kinafanya kazi: kinaandika joto katika faili niliyoiita joto_la_samaki. Chipu iko kwenye anwani 0x48 ya njia ya I2C, yaani nyaya zinazounganisha chipu na kompyuta, na rejista yake ya joto, yaani nafasi ndani ya chipu inayohifadhi kipimo, ina biti 16, ambazo 9 za juu ndizo zenye kipimo. Ningependa kiendeshi hiki kiingizwe katika kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, ili na wengine wanufaike. Nifuate utaratibu gani?

JIBU: Waalaikumu salamu, ndugu fundi. Nia yako ni njema, lakini nakushauri usikitume kiendeshi hicho kama kilivyo. Maelezo yako yanafanana mno na ya chipu iitwayo LM75, ambayo kiendeshi chake kimo katika kerneli tangu zamani na tayari kinahudumia chipu za watengenezaji kadhaa. Ondoa kiendeshi chako kwa muda, andika maneno lm75 0x48 katika faili new_device ya njia yako ya I2C, uone kama joto litasomeka. Kisha linganisha hati ya kiufundi ya chipu na faili drivers/hwmon/lm75.c, rejista kwa rejista. Zikikubaliana, mchango wako utakuwa mistari michache tu ya kuiongeza chipu hiyo mahali panapoifaa. Mimi naiona mistari hiyo kuwa bora kuliko kiendeshi kizima kipya, kwa sababu kila kosa litakalosahihishwa katika lm75 miaka ijayo litakuwa limesahihishwa kwa chipu yako pia, hata kama wewe umekwisha kushughulika na mambo mengine.

Jina joto_la_samaki halitapokelewa. Sehemu ya kerneli inayohusika na vipimo vya mitambo, yaani hwmon, ina majina na vizio vyake vilivyokubaliwa: joto huandikwa katika temp1_input kwa sehemu za elfu za nyuzi ya Selsiasi, volteji kwa milivolti, na kasi ya feni kwa mizunguko kwa dakika. Kerneli huepuka hesabu za desimali, ndiyo maana nyuzi 18 chini ya sifuri huandikwa -18000. Jina la chumba chako liweke katika faili /etc/sensors3.conf, ambamo programu ya sensors italisoma na kulionyesha. Kerneli hutoa kipimo. Kwamba kipimo hicho ni cha samaki au cha kitu kingine, hilo ni la mwenye chumba.

Kwa kuwa chumba chako kitakuwa chini ya sifuri, ichunguze alama ya hasi kwa makini kuliko jambo jingine lolote. Biti ya juu kabisa ndiyo inayoibeba. Msimbo ukiisahau, nyuzi 18 chini ya sifuri zitasomeka kuwa 238, na kosa hilo haliwezi kujitokeza karakana katika joto la Malindi. Tafadhali ijaribu chipu ndani ya baridi yenyewe kabla ya kumtumia mtu yeyote chochote.

Kompyuta ndogo za aina yako kwa kawaida hazizigundui chipu za I2C zenyewe, hivyo jina la chipu liongezwe pia katika hati ya lm75.yaml, inayoorodhesha majina ya chipu zinazohudumiwa na lm75, kwa kiraka (yaani faili ya mabadiliko) cha peke yake kinachotangulia kile cha msimbo. Vipitishe viraka vyote viwili katika checkpatch.pl, programu ya kerneli inayokagua mtindo wa msimbo, uulize programu nyingine, get_maintainer.pl, vipelekwe kwa nani, kisha uvitume kwa git send-email kama maandishi matupu bila kiambatisho, kwa maana wakaguzi hujibu katikati ya mistari yako. Mwisho wa maelezo ya kila kiraka uwepo mstari wa Signed-off-by wenye jina lako na baruapepe. Kwa mstari huo unathibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo chini ya leseni yake, ambayo kwa kerneli ni GPL toleo la 2, leseni ya programu huria. Kwa hiyo, ikiwa uliuandika kwa mshahara wa mtu, pata idhini yake kwanza.

Ukirudishiwa kazi, jibu kila hoja, sahihisha, utume toleo la pili ukieleza kilichobadilika. Mabadiliko mapya huingizwa katika kerneli kuu kwa muda wa wiki 2 tu baada ya kila toleo kutoka, na matoleo hupishana kwa wiki 9 au 10, hivyo chumba chako kitaendelea kutegemea moduli (kiendeshi kinachopakiwa katika kerneli) uliyoijenga mwenyewe mpaka kerneli yenye chipu hiyo itakapofika katika Linux unayoitumia.