Paa la Zege Linalovuja na Ukuta Unaotoa Chumvi

SWALI: Ndugu Mhandisi, nina nyumba Tabata, Dar es Salaam, ambayo paa lake ni zege tupu lisilo na mabati. Kila masika dari ya chumba cha watoto huota madoa ya kahawia, na mwaka huu vipande vya lipu vimeanza kudondoka. Fundi amekwisha kupaka dawa ya kuzuia maji mara mbili, na sasa ananishauri tupake nyingine ya bei kubwa zaidi. Je, nikubali? – Msomaji, Tabata.

JIBU: Usikubali kwanza. Kabla ya kununua ndoo nyingine ya dawa, panda juu ya paa saa chache baada ya mvua kubwa, uangalie maji yametuama wapi, kisha uzungushie kila dimbwi alama ya chaki. Paa la zege, hata tunapoliita bapa, halitakiwi kuwa bapa kabisa. Linatakiwa kushuka kuelekea kwenye tundu la bomba kwa angalau milimita 12 na nusu katika kila mita moja, na mchoraji mwangalifu huweka milimita 25, kwa kuwa anajua kwamba zege likishamwagwa na kusawazishwa kwa mkono sehemu ya mteremko huo hupotea. Mahali ambapo maji yanalala siku mbili au tatu, dawa yoyote itachoka mapema. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumwaga tabaka la saruji na mchanga litakalorudisha mteremko, kuongeza tundu la pili la kutolea maji ili la kwanza likizibwa na majani paa lisigeuke kuwa bwawa, na kutoboa ukuta wa ukingo, yaani ule mfupi unaozunguka paa, kuweka njia ya dharura ya maji.

Ukimaliza hapo, kagua kona. Uzoefu wa kazi hii unaonyesha kwamba maji hupita zaidi pale paa linapokutana na ukuta wa ukingo, kuzunguka mabomba na chini ya miguu ya tangi, kuliko katikati ya paa. Zege hutanuka kwa jua la mchana na kunywea usiku, na rangi nyembamba iliyopakwa juu ya ufa hukatika palepale ufa unapofunguka. Nadhani ndivyo zilivyokwisha dawa zako mbili. Kona hujazwa saruji iliyolazwa mshazari ili kusiwe na pembe kali, hutandikwa wavu wa nyuzi ndani ya dawa, na dawa yenyewe hupandishwa ukutani walau sentimita 15 kutoka usawa wa paa.

Sasa kuhusu lipu inayodondoka, ambayo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Gonga dari taratibu kwa nyundo ndogo: penye uzima hulia kwa uthabiti, penye kuachana hulia kama debe tupu. Ikiwa ni lipu tu iliyoachia, si hatari kubwa, lakini ukiona michirizi ya kutu au nondo yenyewe, jua kwamba chuma kimeanza kuvimba, maana kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, na hivyo hulipasua zege kutoka ndani. Hapo watoto wahamishwe chumba, na mhandisi wa majengo akague kabla ya mtu yeyote kupaka chochote.

Katika kuchagua dawa, kwa paa lililo wazi juani napendelea karatasi ya lami ya unene wa milimita 4, yenye chembe za mawe usoni ili jua lisiikaushe, ambayo hubandikwa kwa moto wa gesi juu ya praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikishia, kila karatasi ikiipanda mwenzake kwa sentimita 10 au zaidi. Dawa ya unga wa saruji inayochanganywa na maji yake meupe ni nzuri sana bafuni na ndani ya matangi. Juu ya paa itumike ile inayonyumbuka tu, pamoja na wavu. Vyovyote utakavyochagua, zege liwe kavu, kwani unyevu uliofungiwa chini hugeuka mvuke na kuinua malengelenge. Kwa Dar es Salaam, panga kazi kati ya Juni na Septemba.

Usilipe fedha zote kabla ya jaribio la maji: matundu yanazibwa, maji yanajazwa kimo cha sentimita 2 hadi 5 kwa saa 24, na dari inatazamwa chini. Sentimita 5 za maji ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mhandisi aridhie kwanza.

Na kama uwezo upo, fikiria kuezeka mabati juu ya zege hilo. Mji Mkongwe wa Zanzibar nyumba nyingi zilizokuwa na mapaa bapa ya chokaa ziliishia kuvikwa mabati, na sioni aibu yoyote katika kuwafuata.

SWALI: Ukuta wa chini wa nyumba yetu ya zamani ya mawe ya matumbawe hapa Mombasa unatoa unga mweupe, na rangi ya mafuta tuliyopaka imebanduka. Tufanye nini? – Mama mwenye nyumba, Mombasa.

JIBU: Mama, unga huo ni chumvi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta, hukauka usoni na kuiacha chumvi hapo, nayo ikikua husukuma rangi na lipu. Rangi ya mafuta na lipu ya saruji huzuia ukuta kupumua, hivyo unyevu hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Bandueni vyote hadi kwenye jiwe, mpige chokaa na mchanga wa nchi kavu, kamwe si wa baharini, na juu yake mpake chokaa tu. Nje, teremsheni udongo uliorundikana hadi uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15, na maji ya paa yapelekwe mbali na msingi. Kisha mvumilie: ukuta mnene wa mawe huchukua miezi mingi kukauka, na chumvi itakayotoka wakati huo ifagiliwe kwa brashi kavu, isioshwe kwa maji.